SINI, KAURI NA NYUNGU: Vyombo Vyeupe vya Nakshi ya Buluu na Ushahidi wa Lugha kutoka Pwani hadi Bungoma na Kitale

1. UTANGULIZI

Ni vigumu kutaja chombo cha udongo kilichosafiri mbali na kuigwa na mataifa mengi kuliko chombo cheupe chenye nakshi ya buluu. Wachina walikifanya, Waajemi na Waturuki wakakiiga, Waholanzi na Waingereza wakakitengeneza upya katika viwanda vyao, na Waswahili wakakipachika katika kuta za nyumba zao na nguzo za makaburi yao. Katika pwani ya Kenya mabaki yake yako Gedi, Mambrui, Lamu na Mombasa, na maandishi juu yake ni mengi.

Ukiondoka pwani na kufika Bungoma na Kitale, mamia ya kilomita kutoka baharini, hukuti gofu lenye vipande vya sini wala kaburi lenye bakuli za Uchina. Kwa sababu hiyo sehemu hizi za magharibi hazitajwi kabisa chombo hiki kinapozungumzwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Bungoma na Kitale zina ushahidi wa aina mbili usiopatikana kwa urahisi pwani. Kwanza, Lubukusu, lugha ya wenyeji wa Bungoma, imehifadhi maneno ya ufinyanzi ambayo Kiswahili kimeyabadilisha maana au kuyaweka kando. Pili, maisha ya nyumbani katika miji hii yanaonyesha jinsi mvuto wa rangi hizi mbili ulivyoendelea hata chombo chenyewe kilipobadilika umbo na malighafi.

Jambo lililo nyuma ya mjadala huu ni zito kuliko sahani na vikombe. Kwa muda mrefu vipande vya sini vilivyofukuliwa pwani, pamoja na maneno ya mkopo yaliyomo katika Kiswahili, vilitolewa kuwa ushahidi kwamba ustaarabu wa Waswahili uliletwa ukiwa tayari kutoka ng'ambo. Hoja hizo mbili zina kosa moja, na vyombo hivi vyasaidia kulieleza.

2. ASILI YA CHOMBO

Buluu ya vyombo hivi hutokana na madini ya kobalti. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Basra, Iraki, walipaka vyombo vyao utando mweupe uliochanganywa na bati ili vifanane na vyombo vyeupe vilivyoletwa kutoka Uchina, kisha wakachora juu yake kwa kobalti. Katika karne hiyohiyo Wachina nao walikuwa wamejaribu mchanganyiko huo: sahani chache za namna hiyo zilipatikana katika jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, na kugunduliwa mwaka 1998. Hata hivyo jaribio hilo halikuendelea wakati ule.

Ustadi uliotia fora ulijitokeza Jingdezhen, mji wa jimbo la Jiangxi, katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, chini ya utawala wa ukoo wa Yuan. Mafundi wa huko walikuwa na udongo mweupe uitwao kaolini, jina litokanalo na kilima cha Gaoling kilicho karibu na mji huo. Kobalti bora waliipata kutoka Uajemi kupitia wafanyabiashara Waislamu. Fundi alichora kwa kobalti juu ya chombo kibichi, akakipaka utando wa kioo, kisha akakichoma mara moja tu katika tanuri lenye joto la nyuzi 1300 hivi. Rangi nyingine nyingi huharibika katika joto hilo, lakini kobalti hustahimili. Tena, kwa kuwa nakshi imefunikwa na utando wa kioo, haifutiki kwa kuoshwa wala haichujuki kwa jua. Vyombo viwili maarufu vya kuwekea maua, vilivyoandikwa tarehe sawa na mwaka 1351 na ambavyo huonyeshwa katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, vyathibitisha kwamba kufikia wakati huo ufundi huo ulikuwa umekomaa.

Kwa hiyo chombo kinachoitwa cha Kichina kilikuwa tangu mwanzo zao la bahari nzima: udongo wa Uchina, rangi ya Uajemi, na mapenzi ya wanunuzi wa nchi za Kiislamu waliotaka masinia makubwa ya kuandalia watu wengi pamoja. Baadaye Ulaya nayo ilijiunga. Waholanzi wa Delft waliiga sini katika karne ya 17. Meissen, Ujerumani, ikaanza kutengeneza kauri halisi mwaka 1710. Na mwaka 1784 Josiah Spode wa Stoke-on-Trent, Uingereza, alikamilisha njia ya kuchapa nakshi ya buluu chini ya utando kwa kutumia karatasi. Tangu hapo sahani ya nakshi haikuhitaji tena mkono wa mchoraji kwa kila moja, na bei yake ikashuka ikafikia uwezo wa mtu wa kawaida.

3. CHOMBO KATIKA PWANI YA WASWAHILI

Biashara ya Bahari ya Hindi ilileta vyombo vya Uchina pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya safari za Zheng He za miaka ya 1405 hadi 1433. Safari hizo zilizidisha sifa ya uhusiano huo, hasa kwa sababu ya twiga aliyepelekwa Uchina kutoka Malindi mwaka 1415, lakini hazikuuanzisha. Sini ilikuwa imezoea kuja kwa mikono ya wafanyabiashara wa Uhindi, Uajemi na Arabuni, kituo hadi kituo.

Uchimbaji uliofanywa na James Kirkman huko Gedi kuanzia mwaka 1948 ulifichua vipande vingi vya vyombo vya kigeni, na nyumba moja kati ya zile zilizofukuliwa ilipewa jina kutokana na bakuli la kauri lililopatikana ndani yake. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, lipo kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za Uchina. Na Kunduchi, Tanzania, yapo makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa sahani. Katika nyumba za mawe za Lamu ukuta wa ndani ulichongwa zidaka nyingi, safu juu ya safu, na humo viliwekwa vyombo vya thamani. Ureno nao uliacha sehemu yake: meli Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 wakati wa mazingiwa, ilichunguzwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977, na miongoni mwa vilivyotolewa chini ya maji ni vyombo vya Uchina. Katika karne ya 19 nafasi ya sini ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa na sahani na bakuli za viwanda vya Ulaya, zikiwemo za Maastricht, zilizouzwa kupitia Unguja.

Jambo la kuangaliwa hapa ni mahali chombo kilipowekwa. Hakikuwekwa jikoni. Kiliwekwa ukutani penye macho ya mgeni, au kaburini penye macho ya mpita njia. Ndiyo maana Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kueleza kuanguka kwa utukufu wa Pate alivitaja vidaka vilivyokuwa na sahani na ambavyo sasa vimekuwa makao ya makinda ya ndege. Mshairi hakuhitaji kutaja dhahabu wala fedha. Kidaka kitupu kilitosha kumwambia msikilizaji wake kwamba nyumba hiyo haina tena mwenyeji wala mgeni.

4. MAJINA YA VYOMBO

Majina yanayohusu vyombo hivi katika Kiswahili yana mpangilio unaofaa kuchunguzwa. Neno "sini" ni la Kiarabu, na maana yake ni kitu cha Uchina. Hivyo chombo kiliitwa kwa jina la nchi kilikotoka, kama Waingereza walivyofanya katika lugha yao na Waajemi katika yao. Kutokana na shina hilohilo la Kiarabu limepatikana neno "sinia". Leo sinia ni la bati, la aluminiamu au la plastiki, na kila nyumba ya Bungoma na Kitale inalo. Lakini ndani ya jina lake Uchina ingalipo, ijapokuwa mwenye kulibeba hana habari. Neno "chai" nalo lilianza safari yake Uchina, na si ajabu kwamba chai na sinia hukutana mezani kila siku kama watu wa ukoo mmoja waliosahauliana.

Neno "kauri" lina njia nyingine. Maana yake ya kwanza ni kombe dogo la baharini, lililotumiwa zamani kuwa fedha na pambo, na asili yake ni lugha za Uhindi. Kutokana na mng'ao wake, jina hilo likapewa pia udongo mweupe unaong'aa. Jambo la kupendeza ni kwamba neno la Kiingereza la chombo hicho, lililotoka katika Kiitalia, nalo asili yake ni jina la kauri ya baharini. Mataifa mawili yaliyo mbali yalikiona chombo kimoja na yote mawili yakakumbuka ganda la pwani.

Fauka ya hayo, Kiswahili kina neno "kombe", lenye maana ya ganda la mnyama wa baharini na pia sahani kubwa. Na "kikombe" ni udogo wa kombe. Katika nyumba za Waislamu wa pwani, kombe ni vilevile maandishi ya aya yaliyoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, yakaoshwa kwa maji, na maji hayo akanyweshwa mgonjwa. Hapa weupe wa chombo si pambo tu, bali ni ukurasa. Kwa vijana wa Kitale na Bungoma, ambao hawakuzaliwa karibu na bahari, kombe ni tuzo la mpira, na Kombe la Dunia ndilo wanalolijua kuliko yote. Maana ya ganda na ya sahani imewapotea. Imebaki maana ya heshima inayoshikwa kwa mikono miwili na kuonyeshwa watu, na hiyo haiko mbali na matumizi ya zamani.

Mifano hii yaonyesha kanuni moja: jina la chombo hushikamana na umbo lake na kazi yake kuliko malighafi yake. Sufuria ni mfano mwingine. Neno hilo linahusiana na neno la Kiarabu la shaba ya njano, lakini sufuria ya leo ni ya aluminiamu na hapana anayeona mgongano wowote. Mtafiti anayetaka kujua vitu vilivyotangulia katika nyumba ya Mwafrika Mashariki hana budi kuyasikiliza majina ya vitu vilivyopo sasa.

5. SUALA LA RANGI

Kiswahili hakina jina moja la kuitaja jozi ya buluu na nyeupe, na hata rangi ya buluu yenyewe haina kivumishi cha asili. Vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kufananishwa na vitu au kwa maneno ya mkopo. "Samawati" ni ya mbingu, kutoka Kiarabu. "Nili" ni ya mmea na rangi ya kutilia nguo. Na "buluu" imetoka katika Kiingereza.

Je, kabla ya neno "buluu" kuja, Mswahili aliyetazama bakuli la Ming aliona nini? Jibu moja linapatikana katika neno "kaniki". Kaniki ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili, na kamusi huieleza kuwa nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza. Kusitasita huko si udhaifu wa watunga kamusi. Kunaonyesha kwamba buluu iliyokoza ilihesabiwa upande wa -eusi. Kwa hiyo nakshi ya kobalti juu ya sini ilionekana kwanza kuwa giza juu ya nuru, mfano wa wino juu ya karatasi. Wachina wenyewe huiita qinghua, na neno qing katika lugha yao huenea juu ya kijani, buluu na hata rangi za giza. Lugha zisizohusiana kabisa zilikubaliana kwamba kilicho muhimu ni tofauti kati ya alama na mahali ilipowekwa.

Huenda hii ndiyo sababu kubwa ya mvuto wa kudumu wa vyombo hivi. Rangi nyekundu hupendwa na wakati mmoja ikachukiwa na mwingine. Dhahabu hupendeza penye utajiri na kuudhi penye kiasi. Alama ya giza juu ya weupe husomeka mchana na usiku, kwa mwangaza wa taa ya mafuta na wa umeme, na chakula cha rangi yoyote hukaa juu yake bila kugombana nayo. Watu waliokwisha kuzoea hati za Kiarabu katika misahafu na nakshi za lipu katika kuta nyeupe hawakuhitaji kufundishwa kuipenda.

6. BUNGOMA NA KITALE: NJIA YA MSAFARA, RELI NA BATI

Ikiwa sini ilipendwa hivyo, kwa nini haikufika bara kwa karne nyingi? Sababu ni mgongo wa mpagazi. Misafara ya karne ya 19 ilibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa kila mtu, na kwa njia iliyochukua miezi hapana mfanyabiashara aliyeweza kuhatarisha chombo kinachovunjika. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika kwa Mumia, katika nchi ya Wawanga iliyo kusini ya Bungoma, kabla ya Joseph Thomson kupita mwaka 1883. Walichobeba ni nguo, shanga na nyaya. Hata hivyo buluu ilikuwamo katika mizigo hiyo: kaniki ilikuwa buluu, na shanga za buluu zilikuwa miongoni mwa bidhaa za misafara. Rangi ilitangulia chombo.

Reli ilibadilisha hali hiyo. Ilifika Kisumu mwaka 1901. Tawi lake likafika Kitale mwaka 1926, wakati mji huo ulipokuwa kitovu cha mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia. Na njia kuu ipitayo Bungoma ikaunganishwa hadi Kampala mwaka 1931. Sasa sanduku la sahani liliweza kutoka bandari ya Mombasa na kufika bara likiwa zima. Kauri ya Kiingereza iliingia nyumba za walowezi. Lakini kwa watu walio wengi kilichoingia ni ndugu yake wa bei nafuu, nacho ni kikombe cha bati lililopakwa utando mweupe wa kioo, chenye ukingo wa buluu mdomoni na mkononi. Kiliuzwa katika maduka ya Wahindi, kikatumika shuleni, hospitalini na mashambani.

Wengi wamekidharau chombo hiki kuwa ni bati tu. Kwa kweli uhusiano wake na sini si wa sura peke yake. Utando wake ni kioo kilichoyeyushwa kwa joto, kama ule wa sini. Na kobalti hutiwa katika tabaka la chini la utando huo kwa sababu husaidia kioo kushikana na chuma. Hivyo madini yaleyale yaliyosafirishwa kutoka Uajemi hadi Jingdezhen kwa ajili ya uzuri yakaja kutumika Ulaya kwa ajili ya uimara. Mpagazi asingeweza kubeba sini, lakini kikombe cha bati kingeweza kuanguka chini, kikabanduka ukingoni kikaonyesha weusi wa chuma, na kesho yake kikanywewa chai.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi ya Trans Nzoia yaligawiwa walowezi Waafrika, na wengi wao walikuwa Wabukusu waliotoka Bungoma. Kitale ikazidi kuwa mji wa makabila mengi, ambako Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mturkana na Mkikuyu hununua na kuuza kwa Kiswahili. Katika Kiswahili hicho sahani, bakuli, kikombe, sinia na sufuria ni maneno ya kila siku. Birika ni chombo cha kuchemshia chai. Bilauri imebaki vitabuni na nafasi yake imechukuliwa na glasi. Na neno sini halisikiki kabisa.

Hata hivyo desturi ya kidaka haikufa, ijapokuwa haikurithiwa kutoka pwani. Katika sebule nyingi za miji hii limo kabati la vioo, na ndani yake vyombo vizuri vya nyumba, ambavyo havitolewi ila mgeni afikapo. Watoto wa nyumba hutumia bati na plastiki. Mgeni hupewa kauri. Mwenye kabati hilo huenda hajapata kusikia habari za Pate wala za Lamu, lakini kazi anayoipa sahani yake ni ileile waliyoipa Wapate: kuuambia ugeni kwamba unatarajiwa.

7. MGENI NA MWENYEJI

Hapa ndipo ushahidi wa Lubukusu unapohitajika. Lugha hii, iliyowekwa na Guthrie katika E31c, haina uhusiano wa karibu na Kiswahili, kilicho G42, zaidi ya ule wa lugha mbili za Kibantu zilizotengana zamani. Neno lililomo katika zote mbili kwa kufuata kanuni za sauti, na ambalo halikukopwa, laweza kuhesabiwa kuwa ni urithi wa kale.

Katika Lubukusu kufinyanga ni khubumba. Shina hilo limo katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana ya kufanya vyombo vya udongo. Katika Kiswahili konsonanti ya kwanza imedondoka, kama ilivyodhoofika katika "watu" penye babandu ya Lubukusu, na kilichobaki ni -umba. Waswahili wamelipandisha cheo neno hilo: Mungu ameumba ulimwengu, na mtu ana umbo. Kazi ya udongo wameiachia -finyanga. Asiyeijua khubumba ya Bungoma anaweza kudhani kwamba "kuumba" halikuhusiana kamwe na mikono iliyochafuka udongo. Anayeijua atatambua kwamba Waswahili walipotafuta neno la kazi ya Muumba walilitoa katika karakana ya mfinyanzi.

Hali kadhalika, chungu cha kawaida katika Lubukusu ni enyungu. Kiswahili kina "nyungu", ambayo siku hizi hutajwa zaidi kwa habari ya mvuke wa kujifukiza, na kina "chungu", ambacho ni mzizi uleule uliovishwa kiambishi ki-. Nyungu ya Bungoma haikuwekwa ukutani. Ilipikiwa, ilihifadhia maji, na ilikaa katikati ya wazee wakinywa pombe kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Kilichomwa kwa moto wa wazi, ambao kwa kawaida haufiki nyuzi 1000, kwa hiyo kilibaki na vinyweleo vilivyopitisha unyevu na kuyafanya maji yawe baridi. Kwa kazi hiyo sini, pamoja na sifa zake zote, haifai.

Basi maneno ya vyombo katika Kiswahili yana matabaka mawili. Tabaka la chini ni nyungu, chungu, -umba: la jikoni, la moto, la kila siku, na Bungoma inalo vilevile. Tabaka la juu ni sini, sahani, sinia, birika, bilauri: la sebuleni, la mgeni, na lilipandishwa pwani kwa biashara. Akiolojia inasema jambo hilohilo. Katika miji ya pwani vipande vya vyombo vya kigeni ni vichache sana vikilinganishwa na vipande vya vyungu vya wenyeji. Katika uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, ulioanza mwaka 1980 chini ya Mark Horton, tabaka za mwanzo kabisa za mji zilijaa vyungu vya kienyeji, na vyungu vya namna hiyo vyenye nakshi za pembetatu vimepatikana pwani na bara yake pia. Mwanaisimu Derek Nurse na mwanahistoria Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha vivyo hivyo kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, pamoja na Kipokomo na Kimijikenda, na kwamba maneno ya Kiarabu yaliongezwa juu ya msingi uliokuwapo.

Makosa ya wanahistoria wa zamani yalitokana na kutazama ukuta na kusahau jiko. Kipande cha sini hung'aa mchangani na kuvutia jicho la mchimbaji. Kipande cha chungu hufanana na udongo unaokizunguka. Neno la Kiarabu nalo hung'aa katika sentensi, ilhali neno la Kibantu hupita bila kutambuliwa kwa kuwa ndilo linaloishikilia sentensi yenyewe. Hata neno la mkopo likiingia, huvishwa nguo za mwenyeji. "Kitabu" la Kiarabu lilipofika pwani Waswahili waliona ki- yake ni kiambishi, wakasema "vitabu". Lilipofika Bungoma, Wabukusu wakalibadilisha tena, wakasema sitabu na bitabu. Hawakulipokea jinsi lilivyo: walilitambua kuwa ni la ngeli fulani, wakaliingiza katika ngeli yao inayolingana nayo. Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haimfanyi mgeni kuwa mwenye nyumba.

8. HITIMISHO

Mvuto wa kudumu wa vyombo vyeupe vya nakshi ya buluu umeelezwa hapa kwa sababu tatu: kobalti inayostahimili moto na kubaki, tofauti ya giza na nuru inayosomeka na kila jicho, na kazi ya chombo hicho katika heshima ya mgeni. Sababu ya kwanza ni ya ufundi, ya pili ni ya macho, na ya tatu ni ya jamii. Sini ilipopungua, sababu ya tatu iliendelea kufanya kazi kwa sahani ya Maastricht pwani na kwa kabati la vioo bara.

Kwa upande wa lugha, yapo mambo yanayohitaji kushughulikiwa mapema. Majina ya nyungu za aina mbalimbali katika Lubukusu, kulingana na ukubwa, kazi na umbo la mdomo, yanajulikana zaidi na wazee, na plastiki imekwisha kuviondoa vyungu vingi nyumbani. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyo wa Luteni Kanali Stoneham na kufunguliwa kwa umma mwaka 1974, pamoja na Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma, ni mahali panapofaa kwa kazi ya kukusanya chombo na jina lake kwa pamoja. Kwani chombo kisicho na jina ni bubu, na jina lisilo na chombo ni fumbo. Pwani nako maneno kama sini, kombe kwa maana ya sahani, na kidaka yanafaa yaandikwe pamoja na matumizi yake kamili, si tafsiri ya neno moja tu.

Walimu wa Kiswahili wa shule za magharibi mwa Kenya wana faida ambayo wengi hawaitumii. Mwanafunzi wa Bungoma anapofundishwa neno "kuumba", anaweza kuulizwa bibi yake huitaje kazi ya mfinyanzi. Atakapojibu khubumba, atakuwa amegundua mwenyewe kwamba Kiswahili hakikumjia kutoka ng'ambo pamoja na sahani, na kwamba udongo uliokiumba ulikuwa ni ule wa nyumbani kwao pia.